Anasubiri Tiba Isiyo na Tarehe

Watazamaji wangu wapendwa, hamjambo. Wengi mmeniuliza kuhusu kazi yangu ya kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili hapa Uingereza, na leo naomba nizungumzie jambo moja linaloniumiza, nalo ni jinsi mtu mzima mwenye ulemavu huo anavyosubiri kuonana na mwanasaikolojia.

Kaka mmoja ninayemhudumia alifiwa na mama yake. Hamu ya chakula ikamtoka, usingizi ukampotea, na kila jioni akawa anajipiga kichwani kwa kiganja. Waliomwona mwanzoni walisema kwamba ndivyo ulemavu wake ulivyo. Huko ndiko kumdhulumu mtu, kwa maana majonzi yake yanahesabiwa kuwa sehemu ya ulemavu, na kwa kuwa hana maneno ya kuyaeleza, hakuna anayeyatafuta. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 4 kati ya 10 wenye ulemavu huu walikuwa na tatizo la afya ya akili.

Hatimaye daktari wa familia aliandika rufaa, na jibu likaja kwamba jina limeingia kwenye orodha, bila tarehe. Huduma ya kawaida ya tiba ya mazungumzo hapa England ina lengo kwamba wagonjwa 75 kati ya 100 waanze tiba ndani ya wiki 6, lakini yeye alipelekwa kwenye timu maalumu ya watu wenye ulemavu wa akili, ambako lengo hilo halitumiki, ijapokuwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaitaka hata huduma ile ya kawaida imrekebishie mambo kwa kumpa muda mrefu zaidi, maneno mepesi na picha.

Kwenye mlango wa friji yake tumebandika kalenda ya picha: kikapu ni siku ya soko, bwawa ni siku ya kuogelea. Picha ya mwanasaikolojia ipo, ila haina siku ya kubandikwa, na kila asubuhi anaigusa na kuniuliza, "Leo?"

Dawa hazina foleni kama hiyo. Mwaka 2015 taasisi ya serikali ya afya ya umma ilikadiria kwamba kila siku watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu kama wake hapa England walikuwa wakipewa dawa za akili bila ugonjwa unaozihitaji, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampeni ya STOMP ya kuzipunguza.

Wakati tunasubiri, tunatazama naye picha za mama yake na kumpeleka kaburini. Nyumbani kwetu, ndugu kama huyu mara nyingi hupelekwa kwa jirani siku ya mazishi na kuambiwa mama amesafiri, kisha anakaa mlangoni akimngoja. Nawasihi, mwambieni wazi kwamba amefariki, mwacheni alie na wenzake, na akianza kubadilika baada ya msiba, mpelekeni hospitali mkaeleze kwamba amefiwa.