Merikani ilianzia kwenye mto huu

Hamjambo wapenzi watazamaji? Msiicheke kofia yangu, upepo wa hapa darajani unakata masikio. Mto huu ni Charles, na mji ni Waltham, Massachusetts, kama kilomita 15 hivi magharibi ya Boston. Ukipita na treni utasema ni mji wa kulala tu, watu wote wako kazini Boston. Hata mimi nilidhani hivyo.

Sikieni hayo maji. Maporomoko yenyewe mafupi, ila ndiyo yaliyoleta lile jengo la matofali mekundu. Mwaka 1814 Francis Cabot Lowell na wenzake walifungua kiwanda hapo: pamba inaingia robota, inatoka kitambaa. Kusokota na kufuma chini ya paa moja, mto ndio unaosukuma mashine zote. Jinsi mashine ya kufumia inavyofanya kazi Lowell aliikariri kwa macho huko Uingereza, maana sheria yao ilikataza kuitoa nje. Kwetu huyo ni mwizi. Hapa Massachusetts kuna mji mzima wameupa jina lake, Lowell!

Sasa mtaniuliza, sisi inatuhusu nini? Bibi akitaka kitambaa kizito cha pamba, hakijapaushwa, anasema nini? Merikani. Ehe! Majora yale yalivuka bahari na wafanyabiashara wa Salem, hapa hapa Massachusetts, yakashushwa Unguja. Viwanda vya Lowell na Salem vilivyoyafuma vilifuata mtindo ulioanza kwenye maji haya. Marekani ilipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua soko. Jina likabaki.

Baada ya nguo mji ukajulikana kwa saa, zile za mfukoni. Kiwanda chake kilifungwa 1957. Siku hizi Waganda wamejaa, ukisalimiwa "oli otya" Moody Street usishangae. Huo mtaa nao una jina la Paul Moody, fundi aliyeziunda mashine za Lowell.

Na lile jengo? Wanakaa wazee. Ona dirisha la juu, kuna bibi anamwagilia maua yake, hana habari na mimi. Pembeni ni makumbusho, mlango uko wazi. Naingia na kamera. Mkiona giza, jueni nimekatazwa.