Shosho Ameomba Maji, Utafanya Nini? Maongezi na vijana wa Nakuru wanaojiandaa kwa intavyu ya kujitolea hospitali

Haya, nyinyi wa mlangoni ingieni tu, viti viko huku mbele, mvua ikianza kupiga hizi mabati huko nyuma hamtanisikia hata kidogo. Nimeombwa niongee kuhusu intavyu za watu wa kujitolea hospitali, na namaanisha wale wa kusaidia wagonjwa wodini, si wale wa kupanga mafaili ofisini. Mimi ni nesi mstaafu na nimekaa kwenye paneli za kuchagua volantia, kwa hivyo nitawaambia tu vile sisi tuliokaa upande wa ndani wa meza huwa tunawaza, alafu mtaniuliza maswali.

Karibu kila mtu anayeingia anatuambia ana huruma. Napenda kusaidia watu, tangu nikiwa mdogo nina moyo wa kusaidia, mama yangu aliniambia nina mkono wa nesi, hivyo hivyo. Ni sawa, tunakuamini, nani atapanda matatu kutoka Kaptembwo asubuhi kuenda kusukuma wilichea bila mshahara kama hana huruma? Lakini ukisema hivyo na ukanyamaza hatujajua kitu kukuhusu, juu aliyetoka amesema hivyo hivyo na anayengoja nje kwa benchi anakuja kusema hivyo. Sisi tunatafuta mtu anayejua kazi yake inaishia wapi. Huruma ambayo haijui mahali pa kusimama inaweza kuumiza mgonjwa, na mtu ataumizwa na mtu mzuri kabisa aliyekuwa anataka kusaidia.

Kuna swali napenda sana kuuliza. Shosho amelala kitanda cha pale dirishani, anakuita, mjukuu wangu niletee maji, midomo imenikauka. Sista ako upande ule mwingine anafunga kidonda. Utafanya nini?

Eh, naona mnacheka. Wewe mama wa leso, ungefanya nini? Ungempa. Asante kwa kusema ukweli, na wengi wanajibu hivyo, tena haraka haraka wakishangaa mbona tumewauliza swali rahisi hivyo.

Sasa sikizeni. Huyo shosho huenda anaenda tieta leo. Mtu akidungwa dawa ya usingizi ya operesheni, ile nguvu ya mwili ya kukohoa na kuzuia vitu visiingie njia ya hewa inalala pia, kwa hivyo kilicho tumboni kikirudi juu kinaweza kushuka kwa mapafu, na hiyo inaweza kuua. Ndo maana mgonjwa anaambiwa asile, kwa kawaida chakula kinasimama masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2, lakini hiyo hesabu si yako wewe volantia, ni ya daktari na sista, wewe kazi yako ni kujua tu kwamba kuna hesabu. Ama labda shosho amepigwa na stroku, ule upande wa uso umelegea, na kumeza kumekuwa shida, ukimpa glasi anakunywa vizuri unamwona, kumbe mengine yameingia mapafuni na baada ya siku chache ana nimonia. Ama figo zake hazifanyi kazi na maji yake yanapimwa, kikombe kwa kikombe, yanaandikwa kwa karatasi pale miguuni pa kitanda. Na hapo hapo niseme, msimwage mkojo wa mtu bila kuuliza hata kama mfuko umejaa na mnaona mnasaidia usafi, juu ule mkojo unapimwa pia, yanayoingia na yanayotoka, ukimwaga daktari akija raundi anakuta hesabu haina nusu.

Unaona? Swali la maji, na ndani yake kuna tieta, stroku na figo. Hatutarajii ujue hayo yote, hujasomea. Tunatarajia useme, "Shosho pole, nimekusikia, wacha niulize sista kwanza alafu nirudi." Na ukiweza uongeze kile watu husahau: kwamba utarudi hata kama jibu ni hapana. Volantia wengi wakiambiwa hapewi wanaona haya, wanapita upande ule mwingine wa wodi, na shosho anabaki anaangalia mlango. Rudi umwambie, sista amesema ngoja kidogo, anakuja mwenyewe kukueleza. Ukijibu hivyo mbele yetu, mimi peni yangu inaandika.

Swali lingine ni la mtu ameanguka. Umeingia wodi ya wanaume unakuta mzee yuko sakafuni karibu na choo, anajaribu kuinuka, anakunyooshea mkono. Kila mtu aliyelelewa vizuri atamshika mkono amwinue. Usimwinue! Huenda nyonga imevunjika, huenda amegonga kichwa ama shingo, na ukimvuta unaongeza shida juu ya shida. Unaita sista kwa sauti, unakaa chini naye hapo hapo, unamwambia asijisukume, unaongea naye mpaka watu waje. Sasa mtu atauliza, si ataonekana hana maana amekaa tu? Kukaa naye ndo kazi yenyewe.

Tena kuna hili la siri, na hapa Nakuru ni gumu kuliko vile mnafikiria, juu mji umekua na ukaitwa jiji tangu 2021 lakini bado tunajuana, wa Langalanga anajua wa Section 58, wote tulisoma na dada ya fulani. Siku moja utaingia wodi ukute jirani yako. Ama mwalimu wako. Ama, na hii ndo paneli inapenda kuuliza, ukute mtu wa kanisa lako, na Jumapili mama mchungaji anakuuliza, si unasaidianga pale PGH, fulani ako aje, tumesikia ni mgonjwa? Utamjibu nini? Jina la hospitali yetu kuu lilibadilika zamani na sisi bado tunaita PGH, yaani Provincial General Hospital, hiyo ni sawa, lakini ya mgonjwa haitoki kwa mdomo. Hata kusema "ndiyo nimemwona, lakini siwezi sema anaugua nini" umeshasema, juu umekubali ako huko. Sema tu mambo ya wodi siongei, mpigie simu yeye ama familia yake. Na ukitaka kuonyesha umejiandaa, jua kwamba katiba yenyewe kifungu cha 31 inalinda faragha, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na ya mambo ya HIV kuna sheria ya 2006 inayokataza kutoa habari za mtu bila ruhusa yake. Usizikariri kama shairi, zitaje kama zinakuja. Na simu, vijana wangu, simu! Selfi ya kwanza na aproni mpya, nyuma yako kuna kitanda na mtu amelala, na ukaweka steitasi. Hapo umemaliza safari yako na sisi.

Sasa swali la kwa nini unataka kujitolea. Wengine wamefundishwa waseme ni wito tu, hawataki kitu. Mimi hiyo haini­furahishi sana. Kama unangoja kuingia KMTC, kile chuo cha mafunzo ya afya, na unataka kuona kama utaweza harufu ya wodi kabla baba hajauza ng'ombe, sema hivyo, hiyo ni sababu nzuri na ya mtu mwenye akili. Kama mamako alilazwa na kuna mtu alimshika mkono ukaona ile kitu, sema, lakini kwa ufupi, na umalize na kile uliona yule mtu akifanya, juu tunataka kujua uliangalia nini. Kama uliuguza nyanya nyumbani, hiyo ni eksipiriensi kamili hata kama haina cheti. Mtu anatuambia hana eksipiriensi, ukimchimba unakuta alikuwa anamgeuza babu kitandani ili asipate vidonda vya kulalia, sasa si hiyo ndo tunatafuta? Andika hizo vitu chini nyumbani kabla hujakuja. Ulimsaidia nani, ulifanya nini hasa, ulimuuliza nani uliposhindwa. Hicho cha mwisho ndo wengi hawana.

Ukweli kuhusu masaa pia. Usiseme niko free kila siku, hakuna mtu ako free kila siku, tunajua unaenda shamba, unauza nguo Soko Mjinga, una mtoto. Sema naweza Jumanne na Alhamisi asubuhi, na uje hizo Jumanne. Wodi ikipanga iko na mtu wa kulisha wale wasio na jamaa alafu mtu huyo hayuko, kuna mgonjwa chakula kimewekwa mbele yake kikapoa juu mikono yake haiwezi. Na mnajua vile hospitali zetu ziko, saa ya kuona wagonjwa jamaa wanakuja na uji kwa themosi, na wewe utakuwa unahitajika zaidi na yule ambaye hakuna mtu amemjia.

Ya mavazi nitapita haraka. Viatu vya kufunika vidole, nguo safi, nywele zimefungwa. Kucha ziwe fupi, na hapo nitasimama kidogo, juu nikiona kucha ndefu za gundi kwa intavyu ya wodi najua hujawaza kuhusu mikono. Tunaweza kukuuliza utanawa mikono lini. WHO wana zile nyakati 5: kabla ya kugusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili kama kidonda, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kugusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, unashika reli ya kitanda tu unaona hujagusa mtu. Sabuni na maji ni sekunde 40 mpaka 60, ile dawa ya spiriti ni 20 mpaka 30. Jaribuni nyumbani na saa mtaona vile 40 ni ndefu.

Makaratasi ulizeni mapema: kitambulisho, barua ya mtu anayekujua, na kama wataitisha cheti cha tabia njema mjue kinaanzia eCitizen alafu mnaenda kuchukuliwa alama za vidole, si kitu cha kufanya jana yake. Chanjo ya homa ya ini B kawaida ni sindano 3 ndani ya miezi 6, ukiwa umeanza sema umeanza. Na kama umefanya kozi ya huduma ya kwanza na Red Cross ama St John beba cheti.

Haya, maswali. Ndiyo, wewe.

Ameuliza kama ni vibaya kuuliza nauli. Si vibaya, uliza, lakini uliza mwisho na uliza wazi: kuna msaada wa nauli ama chakula cha mchana, ili nijipange? Kibaya ni ukose kuuliza alafu baadaye uanze kupokea mia mbili mbili za chai kwa jamaa za wagonjwa. Hiyo usiguse hata wakikulazimisha, na paneli ikikuuliza jibu liwe fupi.

Huyo dada anasema anaogopa damu, aseme ama anyamaze? Sema. Hospitali ni kubwa, kuna kuelekeza watu, kuna wodi ya watoto wanaotaka mtu wa kuwasomea hadithi. Tutakuweka mahali tofauti. Ukinyamaza tutakupeleka kejualti, kwa majeruhi, na utaanguka, alafu tutakuwa na wagonjwa wawili.

Na huyu kijana, ee, swali nzuri. Ukiulizwa kama ushawahi kuona mtu akifa na jibu ni hapana? Useme hapana. Alafu wewe uwaulize wao, ikitokea nikiwa wodini, nitaongea na nani baadaye? Hiyo ndo swali moja ningependa kila mtu aulize paneli, na muangalie vile watajibu, juu na nyinyi mnawachagua. Mahali wakikwambia utazoea tu, fikiria tena.

Sasa tusikae tukisikiliza mimi tu. Geukieni jirani, wawili wawili. Mmoja awe shosho, mwingine awe volantia. Shosho aombe maji mara tatu, na mara ya tatu aombe kwa hasira, hata alie kidogo. Volantia usimpe, na usimwache. Anzeni.