Nani Anashika Daftari? Waanakisti, Ujira wa Haki na Sarafu Zisizo na Benki

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wanaushirika na wanafunzi

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Mmeniita niseme juu ya waanakisti na sarafu za kidijitali, na najua vijana wengi mmekuja kwa ajili ya sarafu. Tutafika. Ila watu hawa walianzia kwenye ujira, wakapita kwenye serikali, ndipo wakafika kwenye pesa. Ukianza na pesa hutawaelewa.

Mwanakisti ni mtu anayeamini kwamba hakuna binadamu aliyezaliwa na haki ya kumtawala mwenzake kwa nguvu, awe ameshika bunduki ya dola au hati ya shamba. Magazetini jina hilo hupewa watu wa fujo. Ninaowazungumzia mimi walikuwa wachapaji, mafundi saa, wachimba makaa na wakulima, watu waliochoka kuona thamani ya kazi yao ikiishia mfukoni mwa mwingine. Pierre-Joseph Proudhon wa Ufaransa, mmoja wa watu wa kwanza kujiita hivyo hadharani, alikuwa mchapaji na mtoto wa fundi mapipa. Mwaka 1840 aliandika kwamba mali ni wizi. Hakusema nyumba yako au jembe lako ni wizi. Alisema juu ya mali inayompa mtu nafasi ya kukaa kivulini na kukusanya kodi na riba kutokana na jasho lisilo lake.

Sasa tuje kwenye kahawa yetu. Mama amechuma mbivu tupu, amemenya, amevundika, ameosha, ameanika kwenye kichanja na kuifunika kila manyunyu yalipoanza. Amefika ghala la AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika. Karani anasoma mzani, anatoa uzito wa gunia, anaandika kilo kwenye daftari na kumkatia stakabadhi. Anapewa malipo ya awali. Ya pili atayasubiri baada ya mnada. Kahawa itakobolewa, itaonjwa, itapangwa madaraja, itauzwa na kupanda meli, na kila hatua ina mtu wake na makato yake. Katika bei ya mwisho, haki ya mama ni kiasi gani?

Waanakisti wenyewe hawajawahi kukubaliana. Mikhail Bakunin na wenzake walisema ardhi na viwanda viwe vya wote, halafu kila mtu alipwe kadiri alivyofanya kazi. Peter Kropotkin, Mrusi wa ukoo wa kifalme aliyeutupa ukuu wake, aliwajibu mwaka 1892 kwa mfano wa mgodi wa makaa ya mawe. Yupo mtu wa mtambo anayeteremsha na kupandisha wachimbaji. Akikosea sekunde chache, watu wanakufa. Yupo mchimbaji kule chini, anayeacha mapafu yake mle. Yupo mhandisi aliyejua mwamba uko wapi. Nani kati yao amezalisha makaa zaidi? Kropotkin alisema swali lenyewe halina jibu, maana kila tani ni kazi ya wote, pamoja na waliojenga reli na waliokufa zamani wakitafuta ujuzi huo. Kwa hiyo, alisema, acheni kupima saa za mtu, pimeni mahitaji yake.

Mimi nampa haki kwa hoja ya kipimo. Anayedai kwamba mshahara wa meneja mara thelathini ya kibarua umetokana na hesabu ya mchango wake, mwambie alete hiyo hesabu. Hana. Kilichopo ni nguvu ya kudai: mmoja anaweza kukataa kazi akakaa miezi sita, mwingine watoto wanakula leo kwa pesa ya leo. Lakini nikifika kwenye chama chenye wanachama mia nane wasiofahamiana, siwezi kuwaambia wafunge daftari kila mtu achukue anachohitaji. Kitu lazima kihesabiwe. Hapo ndipo swali langu la leo linapozaliwa: nani anaandika, nani anaona kilichoandikwa, na walioandikiwa wanaweza kumng'oa mwandishi?

Kabla ya kompyuta, wapo waliojaribu pesa yao wenyewe. Mwaka 1827, mjini Cincinnati, Marekani, Josiah Warren alifungua duka lenye saa kubwa ukutani. Bidhaa iliuzwa kwa gharama yake na nyongeza ndogo ya uendeshaji. Halafu mteja alilipia muda wa mwenye duka: akikuhudumia dakika kumi, unampa hati ya kuahidi dakika kumi za kazi yako, kama ni useremala au ushonaji. Faida juu ya shida ya mteja ilikatazwa. Duka lile lilidumu miaka mitatu, na Warren alilifunga mwenyewe akiwa ameridhika kwamba jambo linawezekana. Nalipenda duka lile kwa sababu pesa yake ilikuwa imeshikana na mtu. Hati ilibeba jina lako na kazi yako. Asiyefanya kazi hakuwa na cha kuandika.

Proudhon naye mwaka 1849 alianzisha Benki ya Umma, ya mikopo isiyo na riba ila gharama ndogo za uendeshaji. Haikupata hata nafasi ya kufanya kazi. Alihukumiwa kifungo kwa maandishi yake dhidi ya rais Louis-Napoleon, akaifunga.

Na Hispania, mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, vijiji vingi vya mkoa wa Aragon vilivyofuata waanakisti viliiweka ardhi pamoja iwe ya wote, na baadhi vikafuta pesa na kuchapa kuponi zao. Wengi walilipa kwa familia, kwa kuhesabu walaji nyumbani. Lakini kuponi ya kijiji hiki haikununua kitu kijiji kile, na sehemu nyingi mwanamke aliandikiwa pungufu ya mwanaume. Kuondoka kwa kabaila hakukuondoa dharau iliyokuwamo ndani ya nyumba. Wanaoshabikia Hispania huliruka hilo, na si haki kuliruka.

Nije kwenye serikali, na hapa sihitaji Ulaya. Panda Marangu, panda Machame, uangalie mifongo. Mifereji ile imeuvusha mlima maji kwa mamia ya miaka, ikipita pembeni mwa mabonde kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa jicho, bila wizara na bila mkandarasi. Walioichimba na uzao wao walikuwa na chama cha mfongo. Siku ya kuzibua, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetokea anatozwa, na akizidi kukaidi zamu yake ya maji inaondoka. Zamu zinajulikana, na anayeiba maji usiku anajulikana. Mangi, yaani mtawala wa Wachagga, alikuwepo, sisemi hakukuwa na wakubwa, na wanawake hawakukaa kwenye baraza lile. Ila kazi ya kila siku ya kugawa kitu chenye thamani kuliko fedha ilifanywa na watumiaji wenyewe, na waamuzi walikutana na walioamuliwa sokoni siku ya pili.

Ushirika wetu wa kahawa ulikulia katika ardhi hiyo. Chama cha wakulima wenyeji kilianza mwaka 1925, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata 1933. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982. Wazee mliomo humu mnakumbuka malipo ya miaka ile kuliko mimi.

Kuna mfano mwingine unaoniumiza zaidi. Kule Songea vijana walianzisha vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, Litowa na vingine, wakaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na mashine yao ya kusaga na shule yao, na maamuzi yalitoka kwenye mkutano wa kijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwatazama kama mfano. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema tulichokuwa tunakitaka: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na nchi isiifanye fedha kuwa silaha yake kuu. Vijana wa Ruvuma walikuwa wanaliishi Azimio kabla halijaandikwa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao, mali zao zikachukuliwa. Baadaye ujamaa ukaletwa kwa malori ya kuhamishia watu. Mwanakisti angekwambia hivi: dola iliuvunja ujamaa wenye mizizi ili isimamie ule wa amri. Kwa tukio hilo, sina cha kumpinga.

Vijana, sasa sarafu.

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa maelezo ya Bitcoin, na Januari 2009 ikaanza. Mabenki makubwa ya Marekani na Uingereza yalikuwa yanaokolewa kwa kodi za wananchi, na ndani ya bloku ya kwanza kabisa, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kimeandikwa kichwa cha habari cha gazeti la London kuhusu uokoaji huo. Daftari la malipo halikai benki. Nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na takriban kila dakika kumi ukurasa mpya unaongezwa na kompyuta iliyoshinda mashindano ya hesabu. Mshindi hupewa sarafu mpya: 50 mwanzoni, 3.125 tangu Aprili 2024. Jumla haitazidi milioni 21, na zaidi ya milioni 19 zimeshatoka.

Hilo la daftari ni jambo kubwa, na nalisema kwa heshima. Mtu anayeishi chini ya serikali inayofunga akaunti za wapinzani anajua thamani yake. Hata sisi, tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, tulionja maana ya pesa kupita kwenye mkono mmoja usioweza kuukwepa, mpaka makelele ya wananchi yalipozipunguza. Na angalia msimamo wa serikali yetu: Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali.

Lakini rudi kwenye duka la Warren. Hati yake ilitoka kwenye kazi ya mtu. Sarafu ya Bitcoin inatoka kwenye nini? Kwenye mashine maalumu na umeme mwingi wa bei rahisi. Kijana wa Majengo mwenye kompyuta ya mkononi hashindani na maghala ya mashine ya Texas. Aliyefika mapema alizipata karibu bure. Mei 2010 mtu alitoa 10,000 kwa piza mbili. Aliyekuja jana ananunua kwa jasho la miaka. Hapo Proudhon angewauliza: huyu aliyeketi juu ya sarafu zake akingoja wengine wapandishe bei ana tofauti gani na kabaila aliyeketi juu ya shamba? Benki imeondoka. Bwana amebaki.

Wala si kweli kwamba mtandao unajiendesha bila watawala. Mwaka 2016, kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa aina hii wenye sarafu iitwayo ether, mdukuzi alitumia kasoro kwenye mkataba wa kikompyuta akahamisha ether takriban milioni 3.6. Wengi walikuwa wamehubiri kwamba msimbo, yaani maandishi ya programu, ndio sheria. Baada ya wiki kadhaa wahandisi na wenye mashine wakakubaliana kubadili daftari la mtandao ili ether zilizochukuliwa zirudi kwa wenyewe. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, ambalo lipo hadi leo. Mimi naona waliamua vizuri. Ila waliamua! Ulikuwa uamuzi wa kisiasa, uliofanywa na wachache wenye ujuzi na mashine.

Jaribio lililo karibu na moyo wangu liko Mombasa. Mwaka 2013, katika mtaa wa mabanda wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walizindua vocha zao, Bangla-Pesa. Mwenye mandazi na fundi cherehani walikuwa na bidhaa na ujuzi. Shilingi ndizo zilikosekana. Vocha ikawawezesha kuuziana. Waanzilishi walikamatwa ndani ya wiki chache, kesi ikafutwa baadaye. Leo kazi ile inaendelea kwa jina la Sarafu, kwenye daftari la kidijitali linalofikika hata kwa simu ya kitochi. Vocha inasimama juu ya ahadi ya watu wanaojulikana, inatumika mahali panapojulikana, na haiwi na maana kuificha ukisubiri ipande.

Kijana mmoja hapo mbele ameniuliza: basi chama chetu kiweke akiba yake kwenye Bitcoin? Hapana, mwanangu. Bei inayoweza kushuka nusu ndani ya miezi haifai kwa pesa ya mbolea ya msimu ujao. Na ufunguo wa siri, namba inayoruhusu sarafu kutoka, atashika nani, mwenyekiti peke yake? Akifa nao au akikimbia nao, hakuna mahakama ya kuurudisha. Ukitaka lazima, funguo ziwe tatu kwa watu watatu, na wawili wakubaliane ndipo pesa itoke. Teknolojia hiyo ipo. Mimi ningeanza na mzani. Kila kilo inaposomwa, iingie kwenye daftari ambalo kila mwanachama analiona kwenye simu yake jioni hiyo hiyo, pamoja na makato yote na jina la aliyeyapitisha, na karani asiweze kufuta bila wote kuona. Programu ya kazi hiyo vijana wa chuo mnaweza kuiandika, na haihitaji sarafu yoyote mpya. Mkutano mkuu ujao kabla ya msimu, ombeni iwe ajenda, na yule mama wa kichanja awe kwenye kamati ya kuisimamia.