Kupaka rangi bodi ya gari la 1:24 mpaka ing'ae

Habari zenu, wapenzi wa magari madogo, karibuni mezani. Leo nimeweka bodi moja tu mbele ya kamera, ya seti ya plastiki ya 1:24, na tutakwenda nayo kutoka plastiki iliyopauka hadi boneti ambayo ukiinama unaiona taa ya mezani ndani yake. Injini, chesisi na viti tunaviacha kwa siku nyingine. Navipenda vyote, lakini mtu akikaribia gari lako jicho lake hutua kwanza kwenye rangi, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri ninazoziona zinapoharibikia.

Kabla sijashika chochote, tufanye hesabu moja. Uwiano wa 1:24 maana yake milimita moja hapa ni milimita 24 kwenye gari halisi. Gari la mita 4.5 linakuwa na urefu wa sentimita 18.75. Hilo tunalijua sote. Tunachosahau ni kwamba rangi nayo imo kwenye hesabu hiyo. Ukipaka rangi yenye unene wa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kuandikia, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi nene ya milimita 2.4. Hebu fikirieni mlango uliopakwa hivyo! Mistari ya milango inazibika, kingo za matundu ya taa zinavimba, maandishi ya nembo yanazama. Kila kipande kinaweza kuwa kimekaa sawasawa na bado gari likaonekana la kuchezea, kwa sababu ya unene tu. Basi kila nitakachofanya leo kina lengo hilo moja: rangi iwe nyembamba. Kama yako ni 1:25, kama seti nyingi za Marekani, au 1:20, kama magari mengi ya Formula 1 ya Tamiya, fuata njia hiihii.

Tuanze. Bodi bado ni kavu, haina gundi wala rangi. Ivalishe juu ya chesisi. Ingiza dashibodi, ingiza kipande cha vioo, pachika bampa kwa tepu ya karatasi. Tazameni hapa: ili chesisi iingie, nalazimika kuitanua bodi kidogo kwa vidole. Sasa hivi haina neno. Baada ya rangi, kutanua huku ndiko kunakopasua rangi kwenye pembe za kioo cha mbele. Kwa hiyo tupa ndogo inapita sasa, pale chesisi inapokwama, mpaka iingie bila kulazimishwa. Vilevile amua leo ni vipande gani vinachukua rangi ya bodi: vioo vya pembeni, spoila, labda na bampa. Hivyo vipakwe siku moja na bodi, kopo moja, idadi ileile ya mikono, yaani tabaka za rangi. Rangi ya metali hasa hubadilika kivuli kadiri unavyoongeza mkono, na bampa lililopakwa wiki iliyofuata litajulikana tu.

Sasa geuza bodi kwenye mwanga. Unaona uzi mwembamba unaopita juu ya madigadi, unashuka pembeni ya taa? Hapo ndipo vipande vya kalibu vilipokutana kiwandani. Lazima uondoke. Shika kisu, tumia mgongo wa wembe, wala si makali, na ukwangue taratibu. Kisha msasa wa 600 uliolowa maji, halafu wa 1000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Pitisha ukucha, ukiusikia mstari, rangi itauonyesha.

Ila msikwangue kila mstari mnaouona. Mingine ni mikunjo halisi ya bati, na ukiifuta umeiondolea gari sura yake. Dawa ni picha za gari lenyewe, nyingi, za kila upande. Kampuni ya Tamiya ilipokuwa inatengeneza Porsche 934 ya uwiano wa 1:12, seti iliyotoka mwaka 1976, ilinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande. Napenda sana kukumbuka jambo hilo ninapokuwa na tupa mkononi. Watu walifungua gari zima ili mimi nipate mkunjo sahihi. Nami nikiufuta kwa msasa kwa uvivu wa kuangalia picha, nimetupa kazi yao.

Mistari ya milango, boneti na buti tuichimbe kidogo, kwa sababu hata rangi nyembamba itakula sehemu ya kina chake. Mgongo wa wembe tena. Mara ya kwanza gusa tu, kama unapitisha penseli juu ya mstari uliokwisha chorwa. Mara ya pili na ya tatu, kaza kidogo. Ukikaza tangu mwanzo wembe utateleza na kukata mlango. Na kila mara elekeza kisu mbali na vidole vinavyoshika.

Kuosha. Hapa wapenzi wa modeli hawajakubaliana tangu nianze kuwasikiliza. Wengine wanasema plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kutelezesha kalibu na lazima yaondoke. Wengine wanasema wamejenga miaka mingi bila kuosha na rangi imeshika. Mimi naosha, na sababu yangu kubwa si mafuta ya kiwandani. Tumetoka kupiga msasa, kuna vumbi ndani ya kila mstari, na vidole vyangu vimekuwa juu ya boneti kwa saa nzima. Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza vizuri, acha ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa chenye nyuzi. Kuanzia hapa bodi haiguswi kwa vidole vitupu: nimeibandika juu ya kopo tupu kwa tepu iliyokunjwa, nashika kopo.

Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Watu huichukulia kama hatua ya kupita tu, kumbe rangi ya praima inaamua rangi ya juu. Njano au nyekundu juu ya praima ya kijivu hutoka imefifia, nawe utaongeza mkono mpaka bodi inenepe. Weka praima nyeupe chini yake, mikono miwili inatosha. Fedha yenye mng'ao huipenda rangi nyeusi inayong'aa chini yake.

Na kuna mtego wa plastiki yenye rangi. Niliwahi kupaka nyeupe juu ya bodi iliyotoka kiwandani ikiwa nyekundu. Jioni ilikuwa nyeupe safi. Baada ya siku chache ikaanza kuwa waridi, kwanza kwenye paa, kisha kila mahali, nami nilikuwa nimekwisha weka stika. Niliumia sana, maana gari lile nilikuwa nalijenga kwa ajili ya mtu aliyewahi kulimiliki. Dawa za kuyeyushia zilizo kwenye rangi huivuta rangi ya plastiki na kuipandisha juu, na praima nyepesi haizuii. Siku hizi plastiki nyekundu naifunika kwanza kwa mkono wa rangi ya fedha, halafu praima nyeupe, na sijarudiwa na tatizo hilo.

Sasa kupuliza. Fungua madirisha, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, ile ya kitambaa haizuii mvuke, na pasiwe na moto wowote karibu. Kopo la rangi nimeliweka kwenye maji ya vuguvugu dakika chache. Nasema vuguvugu, yasiyounguza mkono. Kopo lisikaribie jiko. Joto hilo dogo huilainisha rangi na kuongeza msukumo, na matone yanatoka madogo zaidi. Tikisa dakika mbili kamili. Halafu jaribu kwenye kijiko cha plastiki. Mgongo wa kijiko umepinda kama boneti, ukiharibika hakuna hasara, na ukikipaka praima ileile utaiona rangi halisi kabla hujaigusa bodi.

Kopo liwe umbali wa sentimita 15 hadi 20. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake kwa mwendo mmoja, malizia nje upande wa pili. Ukianzia au kuishia juu ya bodi, pale unapobonyeza na kuachia ndipo rangi inapotema. Mkono wa kwanza ni vumbi tu; praima lazima bado ionekane. Najua mkono unavyowasha kutaka kuongeza. Acha. Dakika 10 hadi 15, halafu mkono wa pili, bado mwepesi, ukianza na sehemu zinazosahaulika: chini ya bampa, ndani ya matundu ya taa, ukingo wa chini wa milango. Mkono wa tatu ndio wa kulowesha. Puliza polepole kidogo, uangalie mwanga ukikufuata kama maji. Mwanga ukikatika, umekwenda mbali mno au haraka mno. Rangi ikianza kutiririka, simama papo hapo.

Siku ya unyevunyevu mwingi usipake klia, yaani tabaka angavu la juu la kung'arisha, wala rangi inayong'aa. Rangi inapokauka kwa haraka huvuta unyevu wa hewani, na juu yake hubaki ukungu mweupe.

Vumbi likitua, msiliguse. Narudia kwa sababu ndilo kosa linalozaa makosa mengine: rangi mbichi haitengenezwi. Unywele ulioanguka juu ya paa ukiutoa kwa kibano dakika hii, utaacha mfereji. Uache. Rangi ikikauka, msasa wa 2000 na maji, mahali hapo tu, halafu mkono mwepesi juu yake. Rangi iliyotiririka vivyo hivyo. Na rangi ya metali haipigwi msasa kama ndiyo ya mwisho, maana utakata chembe zake na kuacha doa la kijivu. Hiyo hutengenezwa kwa kuongeza mkono mwingine, na mng'ao wake wote hutoka kwenye klia.

Utajuaje imekauka? Inuse. Sogeza pua karibu na bodi. Ukisikia harufu ya rangi, dawa bado inatoka ndani na rangi bado inasinyaa. Isiponuka, endelea.

Stika za maji zinaingia kabla ya klia. Sekunde 20 au 30 kwenye maji, iweke juu ya kitambaa chenye unyevu mpaka itelezeke yenyewe, ipeleke mahali pake kwa brashi iliyolowa, kisha kausha kwa kubonyeza kutoka katikati kwenda kingoni. Acha usiku kucha. Mkono wa kwanza wa klia juu ya stika uwe vumbi kabisa, kavu. Klia nzito ya laka, aina yenye dawa kali ya kuyeyushia, inaweza kuikunja stika mbele ya macho yako. Mikono miwili ya vumbi, halafu miwili ya kulowesha.

Baada ya hapo subirini wiki nzima. Mimi gari langu huingia ndani ya boksi lenye kifuniko, nikaenda kujenga injini.

Hii hapa, wiki imepita. Ukilitazama paa kwa pembe mnaona vijidimbwi kama ganda la chungwa. Kwenye gari halisi vipo pia, vidogo, lakini vyetu ukivizidisha mara 24 ni mabonde. Msasa wa 2000, maji yenye tone la sabuni, mwendo wa mstari mmoja, bila nguvu. Sehemu iliyopigwa inakuwa haina mng'ao, vidimbwi vinabaki vikimeta. Piga mpaka vimeto viishe, ukaishie hapo. Kingo zote za milango na mikunjo nimezifunika kwa tepu, kwa sababu pembeni rangi huwa nyembamba kuliko kote na msasa mmoja tu unafika kwenye praima. Kisha msasa wa 3000, halafu polishi ya chembe kubwa, ya chembe ndogo, na ya kumalizia, kila moja na kitambaa chake. Sugua eneo la sarafu kwa sekunde chache na uhame. Msuguano hutoa joto, na joto hulainisha rangi.

Tazameni boneti sasa. Ile ni balbu yangu, na kingo zake zimenyooka.

Yaliyobaki ni ya haraka. Rangi ya enameli nyeusi iliyozimuliwa sana, gusa mstari wa mlango kwa ncha ya brashi na itakimbia yenyewe ndani ya mfereji; kwa gari jeupe au la njano tumia kijivu, maana nyeusi hukata kama kalamu. Kromu ya kuzunguka madirisha ni karatasi nyembamba ya metali inayojibandika, bonyeza kwa kijiti cha mbao na ukate kwa wembe mpya. Vioo tumia gundi nyeupe ya maji. Gundi ya papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu kwenye plastiki angavu, na baada ya kazi yote hii sitaki muone ukungu.

Mkimaliza, pigeni picha boneti chini ya balbu, pamoja na sehemu isiyotoka vizuri, na mseme mlipiga mikono mingapi na mlisubiri siku ngapi. Nataka hasa kusikia kutoka kwa mnaopaka klia kabla ya stika na tena baada yake, maana gari langu linalofuata lina mistari ya mashindano kutoka pua hadi buti, na bado sijaamua.