Nyutro Kwanza, Urembo Baadaye

Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi umeme, Kigoma mjini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mwakeye.

Naanzia kwenye boksi la swichi, na nitakaa hapo muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Wenye viwanja vya mteremko mnanielewa. Unachimba mlima, unapata chumba cha chini, ukuta wa nyuma umeegemea udongo na dirisha ni moja tu, upande wa mbele. Miaka yote kilikuwa stoo ya dagaa na magunia ya mahindi. Sasa unataka kikae watu, na umeziona zile swichi janja za kioo, za kuwasha kwa kidole au kwa simu. Vizuri. Kabla hujauliza bei, zima umeme kwenye meni, ile swichi kuu ya nyumba, fungua swichi uliyonayo ukutani, uhesabu waya.

Mara nyingi utakuta mbili: laivu inayoleta umeme, na ile inayopanda kwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, haipo. Fundi aliipitisha darini moja kwa moja hadi kwenye taa, na hakukosea, maana swichi ya kawaida kazi yake ni kukata na kuunganisha tu. Swichi janja hailali. Hata taa ikiwa imezimwa, yenyewe iko macho inasubiri simu yako, na anayekesha lazima ale. Bila nyutro, swichi haili.

Najua kuna anayetaka kuniambia dukani zipo zisizohitaji nyutro. Zipo. Zinajilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya taa yenyewe. Enzi za balbu ya wati 60 usingeona kitu. Balbu ya LED ya wati 5 au 9 ina kapasita ndani, kidude cha kuhifadhi umeme kidogo. Umeme ule mdogo unaijaza taratibu, ikijaa balbu inawaka mara moja na kuzima, kisha inaanza kujaza upya. Inafanya hivyo usiku kucha. Kuna kapasita ya kufunga kwenye taa kupunguza shida hiyo, lakini kwa nini ununue dawa ya ugonjwa unaoweza kuukwepa?

Dada yangu alifunga swichi tatu za namna hiyo chumba cha chini. Usiku wa kwanza mtoto akapanda ngazi mbio: "Mama, taa imezimwa lakini inakonyeza!" Fundi akaitwa. Badala ya kuvuta nyutro, akachukua waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini, uliokuwa kwenye boksi, akazileta swichi za aina ya nyutro, akaukaza waya ule penye herufi N. Kukonyeza kukaisha. Akalipwa, akaenda zake.

Baadaye vijana wakachimba mtaro wa maji ya mvua nyuma ya nyumba, na jembe likakata waya wa ethi unaoshuka kwenye fimbo ya ardhini. Swichi zikaacha kuitika simu. Nyumba nzima wakalaumu intaneti. Jioni dada yangu akashika mlango wa friji, yuko pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu, mkono ukatetemeshwa. Umeme wa swichi ulikuwa umekosa njia ya kushuka ardhini, sasa umepitia waya za ethi za nyumba, umekaa kwenye bati la friji unamsubiri yeye. Nilipofungua boksi la kwanza nilikuta ule waya wa kijani na njano umezungushiwa tepu nyeusi, rangi isionekane. Aliyefunga tepu ile alijua anachokifanya.

Mafundi, msiniambie nyutro na ethi zote zinaishia ardhini. Nyutro imewekwa ibebe umeme kila siku. Ethi inatakiwa ikae bure, ikingoja siku ya hatari. Ukiipa kibarua cha kila siku, siku hiyo ikifika utamkuta mama wa watu ndiye ethi.

Na gharama? Waya wa buluu wa milimita mraba 1.5, mita chache kwa kila swichi, wakati ukuta bado uko wazi. Ukishapiga lipu na rangi, ndipo unalia. Hapohapo weka boksi lenye kina: la milimita 25 swichi hizi zinabanana na waya, chukua la 35 au 47. Hata kama mwaka huu huna hela ya swichi janja, vuta nyutro, ufunge swichi ya kawaida. Waya utakusubiri.

Muda umeniishia, haya mengine nayapitia haraka. Swichi ya zawadi kutoka Marekani ni ya volti 120. Sisi tuna 230. Usiifunge. Balbu janja mtu akiizima ukutani, simu yako haina la kufanya. Na umeme ukikatika ukarudi saa nane usiku, nyingi zinawaka zenyewe mpaka ubadilishe kwenye programu. Swichi nyingi zinatumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo shuka na simu chini ujaribu kwanza kama mtandao unapenya zege. Rangi ya mwanga: balbu za madukani nyingi ni kelvini 6500, nyeupe ya duka la dawa. Chumba kisicho na jua cha kupumzikia kinataka 3000, mwanga wa njano, jikoni 4000. Ngazi ziwe na swichi juu na chini, hilo sijadili. Penye unyevu, taa yenye alama ya IP65, isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa.

Hapa mezani nimeleta maboksi mawili niliyoyafungua kutoka nyumba za watu. Moja lina nyutro, lingine halina. Njooni mbele, mafundi mtangulie, mnionyeshe ni lipi.