Sekunde 4, risasi 5: bastola ya mashindano imeundwaje

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nieleze bastola ya nusu otomatiki ya mashindano ina nini cha pekee. Wengi huniuliza kwanza habari za mtutu. Mimi naomba nianze na saa.

Katika mashindano ya Olimpiki ya bastola ya kasi, mlengaji husimama mita 25 kutoka kwenye shabaha tano zilizopangwa safu moja. Anashika kwa mkono mmoja, na ameushusha nyuzi 45. Taa ya kijani ikiwaka anauinua, kisha anapiga kila shabaha risasi moja. Kwanza anapewa sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Katika hizo 4, toa muda wa kuinua mkono: kati ya risasi moja na nyingine haibaki hata sekunde nzima. Ndani ya muda huo bastola imetema ganda na kupakia risasi inayofuata, na jicho limeshahamia shabaha ya pili. Kwa umbali huo bastola nzuri zipo nyingi. Kinachozitenganisha ni jinsi inavyotulia mkononi baada ya kila mlio.

Ndiyo maana mtutu huwekwa chini, karibu kabisa na mkono. Mtutu ukikaa juu sana, kila risasi huinua mdomo wa bastola, nawe unapoteza muda kuushusha. Ukikaa chini, msukumo unarudi moja kwa moja kwenye kiganja. Wengine huongeza vizito vidogo mbele ili mdomo usiruke. Lakini kanuni zina mipaka: bastola nzima isizidi gramu 1,400, na iingie katika sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50. Risasi ni ya .22, yaani kipenyo cha sehemu 22 za mia za inchi, ile ndefu. Kabla ya 2005 walengaji wa bastola ya kasi walitumia ile fupi, yenye msukumo mdogo zaidi, pamoja na kifyatulio chepesi mno. Kanuni mpya ziliondoa vyote viwili.

Hapo kwenye kifyatulio naomba tukae kidogo, maana kwangu ndicho moyo wa bastola hii. Kabla ya shindano, mkaguzi husimamisha bastola mdomo ukitazama juu, ananing'iniza kizito cha gramu 1,000 kwenye kifyatulio, kisha anaiinua taratibu. Kifyatulio kikiachia kabla kizito hakijanyanyuka, bastola haikubaliki. Kilo moja si kidogo kwa kidole kimoja, kwa hiyo mafundi huigawa safari ya kidole sehemu mbili. Mwanzo kidole husogea kwa urahisi, kisha hugonga kama ukuta. Pale ukutani kinangoja, na ukiongeza nguvu kidogo tu risasi inatoka. Ukuta huo usikwaruze wala usiteleze. Kifyatulio kikikwaruza, mkono mzima hutikisika, na tikiso dogo sana hapa huwa sentimita kadhaa kule kwenye shabaha.

Kishikio nacho huchongwa kumfuata mtu. Kwa kawaida ni cha mbao, na chini kina kibao cha kuegemeza kiganja ambacho husogezwa juu au chini. Hakiruhusiwi kuushika kifundo cha mkono. Cha mkono wa kulia hakifai kushoto. Mlengaji Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza upya kwa wa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi London 1948 na tena Helsinki 1952. Namtaja kwa heshima kubwa sana.

Sasa, ukipewa bastola kadhaa uchague, fanya hivi. Toa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, elekeza mdomo upande wa shabaha. Lenga, fumba macho, shusha mkono, uinue tena, kisha fumbua. Tazama kama alama ya kulengea ya mbele imekaa katikati ya pengo la alama ya nyuma. Ikiwa imeegemea upande mmoja, usikunje kifundo kuirudisha, maana katika sekunde 4 hutakumbuka kukikunja. Chukua tupa, punguza mbao ya kishikio pale inapokusukuma, au jaza pale penye uwazi, kisha ujaribu tena hadi ikae yenyewe.