Jogoo mzuri anaishia kwenye sufuria: maongezi ya Kisesa kuhusu kuzalisha kuku wa asili

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni akina mama. Mlio juani sogeeni huku kwenye mwembe, spika inakoroma kidogo ila tutaelewana tu.

Naanza na swali. Dume la ng'ombe hapa bomani mnalichaguaje? Ohoo, ona mikono! Mzee pale anataja mpaka mama yake dume alikuwa anakamuliwa kiasi gani. Haya, na jogoo?

Kimya. Si ndo hapo sasa. Jogoo tunamchagua siku ya kumchinja! Mkwe kaja, anakimbizwa yule mkubwa mwenye kifua, ada ya mtoto imebana anapelekwa mnadani yule mkubwa mwingine maana ndo mwenye bei, anayebaki kupanda mitetea ni kale kadogo kalikojificha nyuma ya ghala. Fanya hivyo miaka kumi afu uje useme kuku wa kienyeji ni wadogo kwa asili, sa nani kawafanya wadogo?

Kwa hiyo kazi ya kwanza sio banda la milioni, kazi ya kwanza ni kuacha hiyo tabia. Majogoo wakifika wiki 16 hivi, chukua mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki kule Kirumba, pima mmoja mmoja, andika kwenye daftari, bora watatu wafunge kitambaa chekundu mguuni na utangaze nyumba nzima kwamba hawa hawaguswi hata aje nani. Mama mkwe wangu alininunia siku mbili kwa ajili ya kitambaa hicho. Alizoea.

Pili, shika aina moja. Kuchi huku kanda ya ziwa tunaye, mrefu, kasimama wima kama askari wa gwaride, upanga wa kichwani mdogo, manyoya haba, na jogoo wake ana bei nzuri. Ila nisiwadanganye, mayai anataga machache, majogoo wakikutana wanatoana macho, na tetea wake ni mzito, akiatamia anaweza kuyavunja, ndo maana mayai ya kuchi mimi namwekea tetea wa kawaida aliye mwepesi. Hao Sasso na Kuroiler sina ugomvi nao, nyama wanakupa, lakini ni machotara, ukizalisha watoto wao unapata kila mmoja na sura yake, kwa hiyo usiwaachie waingie kwenye kundi lako la asili.

Mimi nampenda kishingo, yule wa shingo tupu, maana joto halimsumbui sana. Watu wanalalamika: nilinunua jogoo kishingo na tetea kishingo, mbona wametotoa na wenye manyoya, nimetapeliwa? Hujatapeliwa ndugu yangu. Muangalie mbele ya shingo, akiwa na kishada cha manyoya kama tai ya bwana harusi, huyo kabeba damu ya upande mmoja tu. Wawili wa vishada wakikutana, kwa wastani katika vifaranga wanne mmoja anakuja na manyoya kamili, wawili na kishada na mmoja shingo tupu kabisa bila kishada, ingawa kwenye mitotoo michache hesabu inapinda. Yule asiye na kishada ndo wa kuweka, watoto wake wote watakuwa kishingo hata ukimpandishia tetea wa manyoya. Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, kuwa naye makini: kidimu kwa kidimu wanaweza kukuletea vifaranga ambao manyoya yanakatika ovyo wanabaki uchi.

Sasa undugu. Jogoo mmoja anakaa miaka minne anapanda mabinti zake na wajukuu zake, baadaye mayai hayatotoi, vifaranga dhaifu, tunasema tumerogwa. Sie Wasukuma tunajua mtu haoi nyumbani kwao, basi na kuku iwe hivyohivyo. Familia yenye kaya tatu ina bahati kubwa: vifaranga wote wanahesabiwa nyumba ya mama yao, mabinti wanabaki hapo, vijana wa kwa babu wanahamia kwa baba mdogo, wa kwa baba mdogo wanaenda kwa shangazi, wa shangazi wanarudi kwa babu. Kila mwaka mzunguko ni uleule, hubadilishi mwelekeo. Na ukibadilisha jogoo, mayai ya wiki tatu za mwanzo kula au uza, usitotoleshe, kwa sababu tetea anahifadhi mbegu za yule wa zamani tumboni, unaweza ukamsifia jogoo mpya kwa watoto wa mwenzie.

Mayai ya kutotolesha yasizidi siku 7, ncha nyembamba iangalie chini, na kama yamekuja kwa bodaboda yaache yatulie mpaka kesho yake ndo uyaweke.

Mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, naongea kwa uchungu. Nilinunua tetea mmoja mzuri mnadani, nikamchanganya na wengine jioni ileile, ndani ya wiki mbili nikabaki na kuku wanne katika thelathini na kitu, na chanjo nilikuwa naiahirisha kila Jumapili. Mgeni akae peke yake wiki tatu, nne ukiweza, mbali na wenzake, na umhudumie mwisho. Chanjo ya mdondo inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima, maana akishaanza kupinda shingo chanjo haimsaidii tena.

Chakula nitapita haraka. Dagaa tunao, ila wale wa kuanikwa chini wana mchanga kibao, unanunua kilo unalisha nusu ufukwe, chekecha kwanza. Mashudu ya pamba yaacheni kwa ng'ombe, kuku yanamdhuru, mpe ya alizeti.

Kuna aliyeuliza idadi ya kuanzia. Mitetea minane na jogoo mmoja kwa kila kaya, na jogoo wa akiba pembeni, inatosha kabisa mwaka wa kwanza.

Haya twendeni bandani mkawaone wenye vitambaa. Kila mtu akanyage kwenye beseni la dawa pale mlangoni, na wewe mzee mwenye buti za zizini, wewe kanyaga mara mbili.